Binti Aliyegomesha Shule

Huku kwetu jina la Barbara Johns halikuvuma kama la Martin Luther King. Walakini binti huyu alitangulia kuingia uwanjani, naye alikuwa mwanafunzi tu.

Alizaliwa New York mwaka 1935, akalelewa katika kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia, huko kwenye mashamba ya tumbaku. Shule ya sekondari ya watoto weusi mjini Farmville, iliyoitwa Moton, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450. Badala ya kutoa fedha za jengo jipya, kaunti iliwasimamishia vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha vyavuja. Wakati wa baridi aliye karibu na jiko aungua, aliye mbali atetemeka ndani ya koti. Wazazi walikwenda kuomba, wakarudi, wakaenda tena. Halmashauri ya Wazungu ikawazungusha tu.

Tarehe 23 Aprili 1951 Barbara, umri wake miaka 16, alifanya hila. Mwalimu mkuu alipigiwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wamepata matata mjini. Alipotoka, shule nzima ikaitwa ukumbini kwa barua zilizoandikwa kana kwamba zatoka kwake. Pazia likafunguliwa: kumbe ni Barbara! Akawaomba walimu watoke, na wanafunzi wakagoma kama majuma mawili.

Walichotaka ni jengo. Mawakili wawili weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walikubali kuwatetea kwa sharti moja, kwamba wadai kuondolewa ubaguzi wenyewe. Kesi yao iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikaharamisha ubaguzi katika shule za serikali.

Kwa kuhofia usalama wake, Barbara alikuwa amepelekwa Alabama kwa ami yake, mhubiri Vernon Johns. Kaunti nayo, iliyopata fedha upesi na kufungua jengo jipya la weusi mwaka 1953, ilipoamriwa kuwachanganya watoto haikuwa na senti tena! Mwaka 1959 ilikataa kutoa fedha kwa shule yoyote ya umma. Wazungu wakajifungulia yao ya binafsi. Watoto weusi wengi wakakaa miaka 5 bila darasa, mpaka mahakama ilipoingilia mwaka 1964.

Barbara aliolewa, akazaa watoto 5, akafanya kazi ya kutunza maktaba mjini Philadelphia. Alifariki mwaka 1991.