Imamu Sultan bin Seif na maghala matupu ya Maskati

Ukitoka Maskati kwa gari kuelekea Nizwa, kabla hujaufikia mji wenyewe unapita Birkat al-Mauz, chini ya Jabal Akhdhar. Hapo pana mitende, migomba na mfereji wa maji ambao wenyeji wanauita Falaji ya Khatmein. Taarikh inainasibisha kazi hiyo na Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati na kuujenga mnara mkubwa wa ngome ya Nizwa. Wasomaji wetu wenye jamaa Ibra, Sur na Nizwa wanalijua jina lake tangu skuli. Sisi wa Pwani tunamjua zaidi mwanawe, Seif, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Lakini aliyeanza safari hiyo ni baba.

Sultan bin Seif alikulia katika vita vya mwana wa ami yake, Imamu Nasir bin Murshid, aliyechaguliwa Rustaq mwaka 1624 wakati Oman imegawanyika vipande vipande, kila ngome na bwana wake. Nasir aliwaunganisha watu wa bara, kisha akaugeukia mwambao, na Sultan alikuwa miongoni mwa makamanda wake. Nasir alipofariki mwaka 1649, Sur ilikuwa imekwisha kombolewa, lakini Maskati ilibaki kwa Wareno, waliokuwapo hapo tangu 1507, wakilindwa na ngome mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani. Wanavyuoni wakampa Sultan uimamu. Miezi michache baadaye, Januari 1650, Maskati ikaanguka.

Namna ilivyoanguka ina hadithi yake, aliyoihifadhi Humaid bin Muhammad bin Ruzaiq, mwandishi wa taarikh wa karne ya 19. Anasimulia kwamba alikuwepo mfanyabiashara wa Kibaniani, Narutem, aliyekuwa akiwauzia Wareno mahitaji ya ngome. Kamanda wao, Pereira, alimtaka binti yake. Narutem hakuridhia, na alipoona anabanwa akajifanya amekubali, akaomba muda wa kutayarisha harusi. Katika muda huo akamwambia kamanda kuwa maji ya ngomeni yameoza, nafaka imeingia wadudu na baruti imepata unyevu; heri vyote vitolewe aweke vipya. Kamanda akatoa ruhusa. Narutem akayamwaga maji, akaitoa nafaka, akaitoa baruti. Kabla ya kuleta kipya hata kimoja, akampelekea Imamu habari. Jeshi likaingia mjini, na waliokuwa ngomeni hawakuwa na cha kunywa wala cha kupiga. Inasemekana Narutem na jamaa zake walisamehewa jizya kwa hisani hiyo.

Mtu anaweza kuisoma hadithi hii kama kisa cha heshima ya binti, au cha usaliti. Mimi naiona zaidi kuwa ni kisa cha kazi iliyopangwa vibaya. Kubadilisha maji machafu ni jambo jema, na kutoa nafaka mbovu na baruti iliyolowa pia ni jambo jema. Kila ruhusa, ukiitazama peke yake, haina kosa. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa zote tatu, na kamanda hakuwa na njia ya kuliona.

Njia hiyo ilikuja kupatikana karne tatu baadaye. Mjerumani Carl Adam Petri, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1926 na kufariki 2010, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari Darmstadt mwaka 1962, na humo ndimo ulimotoka mchoro unaoitwa wavu wa Petri. Anayecheza bao ataufahamu upesi. Unachora viduara mfano wa mashimo ya bao, na kila kiduara ni hali fulani: maji yamo, maji hayamo, baruti imo, baruti haimo. Ndani yake unaweka kete kuonyesha kuwa hali hiyo ipo sasa. Baina ya viduara unachora vijiti, na kila kijiti ni tendo. Tendo haliwezi kutokea mpaka kila kiduara kinacholielekea kiwe na kete. Likitokea, linazichukua kete hizo na kuziweka katika viduara vya mbele. Hakuna saa moja inayowaamrisha wote. Kila tendo linasubiri masharti yake tu.

Ukichora maghala ya Maskati hivyo, kila moja kati ya matatu huwa limejaa au ni tupu, kwa hiyo jumla ni sura nane. Sasa uliza: kutoka sura ya mwanzo, sura zipi zinafikika? Jibu ni zote nane, pamoja na ile ya maghala yote kuwa matupu. Huhitaji kumjua Narutem wala nia yake. Mchoro wenyewe unakuonyesha hatari. Dawa ni nyepesi mno. Ongeza kiduara kimoja cha ruhusa chenye kete moja tu. Anayetaka kumwaga ghala aichukue, na asiirudishe mpaka ghala lile lijae upya. Hapo sura zinazofikika ni nne: yote yamejaa, au moja tu kati ya matatu ni tupu. Ile mbaya haifikiki tena, hata Narutem awe na hila za namna gani.

Tangu miaka ya 1990, Wil van der Aalst wa Uholanzi na wenzake wameutumia wavu huu kukagua mtiririko wa kazi katika biashara na maofisi. Wanataka mambo matatu: kila faili lililofunguliwa liwe na njia ya kufikia mwisho, likifika mwisho pasibaki kipande kinachoning'inia, na pasiwe na hatua iliyoandikwa lakini haiwezi kutokea kamwe. Sisi tulioko ughaibuni tunaijua kasoro ya kwanza bila ya mchoro. Ofisi moja haikupi kibali mpaka ulete barua ya anwani, na nyumba hupewi mpaka uwe na kibali. Kete mbili, kila moja inamsubiri mwenzake, na wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Turudi kwa Imamu. Baada ya Maskati aliuweka uzito wake Nizwa. Mnara wa ngome ulimchukua miaka 12, na ngazi zake zimepinda kwa makusudi, mlango baada ya mlango, juu ya kila mlango pakiwa na tundu la kumwagia adui vitu vya moto. Hufiki juu mpaka uwe umeshinda kila mlango wa chini kwa zamu yake. Wakati huo huo alikuwa akifanya biashara, na wakala wake wakinunua farasi, shaba na bidhaa nyengine India, Uajemi na Basra. Walikuwepo waliomlaumu kuwa imamu hapaswi kuwa mchuuzi. Lakini taarikh inasema pia kuwa alitembea miongoni mwa watu bila ya walinzi, akizungumza nao kama mmoja wao.

Falaji ni kongwe kuliko yeye kwa karne nyingi, na nidhamu yake haikutungwa na mtu mmoja. Maji ya kunywa huchukuliwa juu kabisa, kisha ya msikiti na kuogea, ndipo mashamba. Haki ya mkulima hupimwa kwa muda. Athari moja ni karibu nusu saa, na athari 24 hufanya badda. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, usiku kwa nyota. Arifu husimamia zamu, dalali hunadi mafungu ya kuuzwa, na fedha hurudi kwenye matengenezo. Maji ni kete moja. Wa pili hafungui mlango wa shamba lake mpaka wa kwanza aufunge wake, awe tajiri au maskini. Hii ndiyo ile kete ya ruhusa ambayo kamanda wa Maskati hakuwa nayo.

Kwetu Pwani mambo hayakwenda kwa utaratibu huo. Wajumbe wa Mombasa walivuka bahari kumwomba Imamu msaada. Merikebu zake zilipiga Unguja mwaka 1652, na mwanzoni mwa miaka ya 1660 zikafika Faza na Mombasa, ingawa Ngome ya Yesu haikutekwa. Msaada ulihitaji vitu viwili kwa pamoja, amri ya Imamu na upepo wa kaskazi. Kimoja kikikosekana, waliobaki visiwani walikabili hasira za Wareno peke yao. Mwaka 1678 alikuja mtawala wa Kireno wa Goa na jeshi lake, na kabla merikebu za Oman hazijawasili mwanzoni mwa 1679, watawala wa Pate, Siu, Lamu na Manda walikuwa wamekatwa vichwa. Wanaousifu utawala wa Yaariba huipita haraka sehemu hii.

Imamu mwenyewe alifariki mwaka huo wa 1679. Kwa madhehebu ya Ibadhi, imamu huchaguliwa na wanavyuoni. Lakini aliyeshika nafasi yake ni mwanawe, Bil'arab, aliyejenga kasri la Jabrin. Seif akamwasi kaka yake, na mwaka 1692 Bil'arab akafariki akiwa amezingirwa humo humo Jabrin. Seif ndiye aliyeizingira Mombasa tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Alipofariki mjukuu wa Imamu, Sultan bin Seif wa pili, mwaka 1718, kundi moja lilimtaka mtoto wake mdogo na wanavyuoni wakamtaka mwengine, na hapakuwa na utaratibu waliokubaliana wote wa kuamua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na mwaka 1737 Waajemi wakashuka Oman kwa mwaliko wa mmoja wa wagombea.

Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman katika urithi wa dunia: Daris ya Nizwa, Malki ya Izki, Muyassar ya Rustaq, Jila ya wilaya ya Sur, na Khatmein ya Birkat al-Mauz, ambayo maji yake hugawanywa mafungu matatu sawa sawa.