Sheikh Amri Abeid: Mshairi Ambaye Jina Lake Limebaki Arusha

Wakazi wa Kimandolu na kata nyingine za Jiji la Arusha hulitaja jina la Sheikh Amri Abeid kila kunapokuwa na mechi au mkutano mkubwa katika uwanja wa kumbukumbu yake. Mwenye jina hilo alikuwa mshairi na kiongozi aliyeishi takriban miaka 40 tu.

Sheikh Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa mwanazuoni wa Ahmadiyya, jumuiya ndogo iliyopata upinzani mkubwa, lakini hakuificha imani yake.

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kinachofafanua vina, mizani na beti. Enzi hizo Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya watawala. Kuziandika kanuni za ushairi wa Kiswahili kulikuwa kuithibitisha hadhi ya lugha ya wananchi.

Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Alifariki dunia Oktoba 1964, miezi michache baada ya Muungano.

Katika miaka ya 1970, mjadala mkali ulipozuka kuhusu mashairi yasiyo na vina, waliotetea mapokeo walikitegemea kitabu chake, nao waliotaka mabadiliko walilazimika kukijibu. Hadi leo wanaojifunza utunzi hukutana na kanuni alizoziandika.