Muungwana ni Vitendo: Maisha ya Daktari Steury wa Tenwek

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Msomaji mpendwa, methali hii tuliikariri darasani mpaka ikatuchosha. Lakini maana yake hasa mimi niliipata jikoni kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, hapa kwetu Sigowet.

Kogo alizaliwa karibu na Silibwet, upande wa Bomet. Mwaka wa 1968 alikuwa ameenda kwao akiwa mja mzito. Uchungu ukamshika siku mbili nzima, mtoto hatoki. Wakunga wakashindwa. Ndugu zake wakatengeneza machela, wakambeba usiku hadi hospitali ya misheni ya Tenwek. Kogo aliogopa mno. Wakati huo hakuwa amebatizwa wala hakuwahi kukanyaga kanisani, tena shingoni alivaa shanga za kimila. Alidhani atafukuzwa mlangoni. Lakini wapi! Hakuna aliyemwuliza dini yake. Alifanyiwa upasuaji, na mtoto aliyetolewa akiwa hai ndiye baba yangu. Bila Tenwek, mimi nisingekuwa hapa nikiandika makala haya.

Basi nikataka kujua, aliyeijenga kazi hiyo alikuwa nani?

Ernest Steury, ambaye wengi walimwita Ernie, alizaliwa mwaka wa 1930 katika jimbo la Indiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, kama wetu tu. Alisomea udaktari, na mwaka wa 1959 yeye na mkewe, Sue, wakafika Tenwek. Walikuta zahanati ndogo iliyokuwa ikiendeshwa na wauguzi wamishonari. Daktari hakukuwepo. Kwa takriban miaka 10 ya kwanza, Steury alikuwa daktari wa pekee pale, huku wagonjwa wakitoka kila pembe ya nchi ya Wakipsigis.

Hebu fikiria, msomaji! Mtu mmoja azalishe, atibu malaria, aunge mifupa, tena ashonee majeraha. Steury hakuwa amesomea upasuaji kama wapasuaji wa siku hizi. Mambo mengi alijifunza kazini, kwa sababu mgonjwa yuko mezani na hakuna mwingine wa kumwita. Desturi yake ilikuwa kuomba pamoja na mgonjwa kabla ya kushika kisu. Hospitali ile hushikilia kwamba kazi yao ni kutibu tu, anayeponya ni Yesu.

Shida nyingine ilikuwa umeme. Jenereta ilikula mafuta mengi na fedha zilikuwa chache. Lakini karibu kabisa na hospitali mto Nyangores huporomoka kwenye mawe. Mto huu ndio unaoungana na Amala na kuwa mto Mara. Steury na wenzake wakaona kwamba maji yale yanaweza kuwasha taa. Ilichukua miaka mingi ya kutafuta msaada, na mwaka wa 1987 mtambo ukaanza kufanya kazi. Nguvu ya maporomoko yale ikaingia katika chumba cha upasuaji.

Kisha waliona kwamba watoto wanarudi na magonjwa yale yale ya maji machafu. Kumbe kungoja wagonjwa hospitalini hakutoshi! Katika miaka ya 1980 hospitali ikaanza kupeleka elimu ya afya vijijini: chanjo, vyoo na maji safi. Steury alitumikia Tenwek kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki mwaka wa 2002, lakini zahanati aliyoikuta imekuwa hospitali kubwa inayofundisha madaktari na wauguzi.

Sasa nitubu jambo moja. Kijijini kwetu kuna mama mmoja anayepika chang'aa. Mwaka jana aliugua, akalala ndani wiki nzima. Sisi vijana wa kanisa tulipita mlangoni pake tukienda mazoezi ya kwaya. Tulisema ati tutamwombea. Aliyeingia ni kogo, na fimbo yake mkononi, amebeba uji na mursik. Nilipomwuliza kwa nini anaingia nyumba kama ile, alinikumbusha usiku wa machela. Kama Tenwek wangemwuliza kwanza anasali wapi, yeye na baba wangezikwa pamoja.

Nilinyamaza kama maji mtungini. Kesho yake nilichukua mtungi, nikamtekea yule mama maji kisimani, nikampasulia kuni. Sikumhubiria. Mpaka leo bado anapika chang'aa, nisikudanganye. Lakini akiniona njiani hunisalimu kwa jina, na siku moja aliniuliza mambo ya kanisani kwetu bila mimi kuanza.

Wanafunzi wenzangu, si lazima tuwe madaktari. Hapa shuleni yuko mwenzetu asiyetembelewa siku ya wazazi. Yuko anayetoka ng'ambo ya Sondu na kuongea lugha tofauti na yetu. Yuko asiyesali kama sisi. Tusiwaulize kwanza ni wa wapi. Kwa leo nakomea hapo. Kwaherini!