Mary Anning, Mchimba Mifupa ya Kale

Zamani sana, kabla binadamu hawajakuwapo, dunia ilikuwa na wanyama wakubwa waitwao dinosaria. Wakati huo huo, baharini waliishi wanyama wengine wakubwa, wenye meno makali. Baadhi yao walipokufa walifunikwa na tope. Miaka mamilioni ilipita. Tope likawa mwamba, na mifupa ikawa mawe. Leo watu huenda kuitazama katika majumba ya makumbusho. Mmoja wa watu walioichimba alikuwa mwanamke maskini, jina lake Mary Anning.

Utoto wake

Mary alizaliwa mwaka 1799 katika mji mdogo wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa seremala. Wazazi wake walipata watoto wengi, lakini waliokua ni wawili tu, Mary na kaka yake Joseph. Mary alijifunza kusoma na kuandika katika shule ya Jumapili kanisani.

Karibu na mji huo kuna magenge marefu kando ya bahari. Wakati wa baridi, mvua na mawimbi huyabomoa, na mifupa ya kale huonekana. Ni lazima ichukuliwe upesi kabla bahari haijaizoa. Baba aliwafundisha watoto wake kuitafuta na kuwauzia wageni. Mwaka 1810 baba alifariki, akaacha madeni. Tangu hapo, mifupa ilisaidia kuwapatia chakula.

Kazi yake

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu kubwa kwenye genge. Baadaye Mary aliupata mwili wake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Mnyama huyo alikuwa na urefu wa meta 5 hivi. Tajiri mmoja aliinunua mifupa yake kwa pauni 23 hivi, kisha ikapelekwa London kuonyeshwa. Wataalamu walimwita mnyama huyo ikthiosauri.

Kazi hii ilikuwa ya hatari. Mwaka 1833 udongo uliporomoka ghafla ukamuua mbwa wake, na Mary aliponea chupuchupu.

Mary hakuacha kusoma. Aliazima maandishi ya wataalamu, akayanakili kwa mkono wake pamoja na picha. Alipasua samaki ili aone jinsi miili yao ilivyo. Hivyo aliifahamu mifupa kuliko wengi waliosoma vyuoni.

Shaka ya mtaalamu

Mwaka 1823 Mary alichimba mnyama mwenye shingo ndefu sana, aitwaye plesiosauri. Mtaalamu mashuhuri wa Ufaransa, Georges Cuvier, alishuku kuwa mifupa hiyo imeunganishwa kwa udanganyifu. Neno hilo lingeenea, nani angenunua tena mifupa ya Mary? Mwaka 1824 wataalamu walikutana London, wakalizungumza jambo hilo. Mary hakuwapo. Mifupa ilionekana kuwa ya kweli, na Cuvier akakubali kwamba alikosea.

Jina lake

Wataalamu waliandika habari za wanyama aliowachimba Mary, lakini mara nyingi hawakumtaja. Katika makumbusho, mifupa ilipewa majina ya matajiri walioinunua na kuitoa. Chama cha wataalamu wa miamba hakikupokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1919.

Mary alifariki mwaka 1847 kwa ugonjwa wa saratani ya titi. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Heshima yake imekuja polepole. Mwaka 2010, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza kilimtaja miongoni mwa wanawake 10 wa nchi hiyo waliokuza sayansi zaidi. Mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis. Wanyama aliowachimba wamo katika jumba kubwa la makumbusho mjini London, na wageni husimuliwa habari zake.

Mifupa haisemi ni nani aliyeichimba. Jina la mfanyakazi hudumu likiandikwa.

Maswali

1. Kwa nini mifupa ilipaswa kuchukuliwa upesi?
2. Kusoma kulimsaidiaje Mary katika kazi yake?
3. Je, kijijini kwenu kuna watu waliofanya kazi kubwa na majina yao hayajaandikwa? Yaandikeni.