Robert Moses: Mjenzi wa barabara kubwa asiyejua kushika usukani

Robert Moses hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alizaliwa Desemba 1888, akafa Julai 1981, na katikati hapo alijengea jiji la New York na viunga vyake takriban kilomita 1,000 za barabara kubwa, zile ambazo mtu wa miguu haruhusiwi kutia mguu. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, dereva mbele, makaratasi mapajani. Jam ya wengine kwake ilikuwa ofisi.

Huku kwetu jina lake si la kila siku. Lakini ukisimama pale Nyayo chini ya nguzo za Nairobi Expressway ukingoja mathree, umesimama chini ya wazo alilolipigania maisha yake yote: gari lipite juu, lilipe, na mtaa ulioko chini ujipange wenyewe.

Mwanzo wake haukuwa wa mtu mbaya. Alizaliwa New Haven, Connecticut, katika familia ya Kiyahudi yenye pesa, na akiwa na miaka tisa wakahamia New York. Alisoma Yale, akaenda Oxford, akamalizia na uzamifu Columbia mwaka wa 1914. Alikuwa amekolea siasa za mageuzi: aliamini kazi za serikali zipewe wanaoziweza, si watoto wa wakubwa. Alipojaribu kuleta mpango huo jijini, wanasiasa walimla mbichi. Akabaki na digrii zake na hana kazi ya maana. (Wasee wa tarmacking mnaielewa hii stori.)

Aliyemwinua ni Al Smith, gavana wa jimbo la New York aliyeacha shule akiwa kijana mdogo kwenda kutafuta unga. Kwake Moses alijifunza kitu ambacho Oxford hawafundishi: mamlaka hukaa kwenye vifungu vidogo vya sheria ambavyo hakuna mbunge anayevisoma. Mwaka wa 1924 ilipoundwa tume ya bustani za Long Island, aliyeandika mswada ni Moses, na aliyepewa uenyekiti ni Moses. Ndani yake alikuwa amejipa uwezo wa kutwaa ardhi kwa namna ambayo wabunge walikuja kuishtukia wakiwa wamechelewa.

Kwa uwezo huo alifanya mambo mazuri, tusimnyime haki yake. Ufuo wa Jones Beach ulifunguliwa 1929, safi, wa umma. Alipopewa bustani za jiji lote mwaka wa 1934 wakati wa meya La Guardia, alijenga viwanja vya watoto kuchezea kwa mamia, na msimu mmoja tu wa joto, 1936, alifungua vidimbwi 11 vikubwa vya kuogelea katika mitaa ya kawaida. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na jamaa huyu anafungua vidimbwi. Magazeti yalimpenda kama mchezaji wa timu ya taifa.

Ila hata hapo kuna kitu cha kuangalia. Barabara zake za kwenda kujivinjari Long Island hazikuruhusu mabasi, na madaraja yaliyopita juu yake yalikuwa ya chini mno. Mwenye gari alifika ufuoni akiimba. Asiye nalo alikuwa na kibarua.

Mwaka huohuo wa 1934 aliwania ugavana akabwagwa vibaya. Hakuwahi kuchaguliwa na mpiga kura hata mmoja kwa cheo chochote maishani mwake, na baada ya kipigo hicho ni kama aliamua kura si muhimu. Kilichokuwa muhimu ni kibanda cha kulipia barabarani.

Hebu tuelewe mchezo huu vizuri, maana ndio moyo wa hadithi yote. Daraja la Triborough lilifunguliwa Julai 1936. Kila gari lililopita lililipa senti 25. Kawaida, mamlaka ya daraja ingekusanya hela, ilipe deni, ifunge duka, na daraja liwe la jiji. Moses akabadilisha sheria ili mamlaka yake iweze kukopa tena na tena kwa kuuza hatifungani, na mradi kuna deni, mamlaka haifi. Kisha akaingiza nguvu zake ndani ya mkataba wa hatifungani zenyewe. Katiba ya Marekani hairuhusu jimbo kuvunja mkataba, kwa hivyo meya au gavana aliyetaka kumpunguzia mamlaka alikuwa anagombana si na Moses bali na mabenki na mahakama. Ofisi yake kuu ilikuwa kwenye kisiwa cha Randall's, chini ya daraja hilo, pesa zikipita juu ya kichwa chake saa 24. Mameya walikuja wakaenda. Kuna wakati alishikilia vyeo 12 kwa mpigo.

Sasa twende Bronx.

Cross Bronx Expressway ilianza kujengwa 1948. Ni kama kilomita 11 tu, lakini ilipasua katikati ya mitaa iliyojaa watu. Mtaa mmoja uliitwa East Tremont. Si mtaa wa matajiri na si wa mabanda: wafanyakazi, wengi wao Wayahudi, wengine mafundi wa viwanda vya nguo, kodi inalipika, bustani ya Crotona iko karibu, mama anajua watoto wa jirani kwa majina. Desemba 1952 barua ziliingia milangoni. Siku 90 za kuhama.

Nyumba 1,530 zilikuwa kwenye njia, watu kama 5,000, katika maili moja tu ya barabara. Na hapa ndipo hadithi inauma: kulikuwa na njia nyingine. Ukisogeza barabara kidogo kusini, ipite kando ya bustani ya Crotona, karibu nyumba zote hizo zinapona na unabomoa majengo machache tu. Wahandisi walichora, wakasema inawezekana. Akina mama wa mtaa wakaunda kamati, wakachanga pesa, wakapanda basi hadi ofisi za jiji na ramani zao mkononi. Mgombea umeya akawaahidi kuwatetea. Alipokalia kiti, ahadi ikayeyuka. Si geni hilo.

Moses alikataa kusogea. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, na nyumba ikiwa tupu inaanza kung'olewa huku majirani bado wako ndani. Joto likazimwa, vioo vikavunjwa, vumbi likaingia kwenye vyakula. Waliobaki mtaani baada ya lami kupita hawakudumu pia. Robert Caro, mwandishi aliyeandika maisha yake, anakadiria kwamba barabara za Moses kwa jumla zilihamisha robo milioni ya watu.

Ukiwa ulikuwa Mukuru kwa Njenga mwaka wa 2021, tingatinga zilipokuja kutoa nafasi ya barabara ya kuunganisha na Expressway, huhitaji nikuchoree picha.

Aliyemshika Moses shati hakuwa mwanasiasa. Alikuwa Jane Jacobs, mwandishi na mama wa watoto watatu aliyekaa Greenwich Village. Alisoma Columbia kama miaka miwili akatoka bila shahada, jambo ambalo mimi kama mtu aliyeacha chuo nalitaja kwa furaha yangu binafsi. Moses alitaka kupitisha barabara katikati ya bustani ya Washington Square. Akina mama walikuwa wameshaanza vita kabla ya Jacobs kujiunga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 bustani ikafungwa kwa magari. Kisha ikaja barabara ya njia 10 kukata Manhattan ya chini kutoka mto hadi mto. Jiji liliikataa 1962, ikafufuka, Jacobs akakamatwa na polisi 1968 katika kikao cha umma kuihusu, na 1969 ikazikwa. Leo eneo hilo linaitwa SoHo, na kodi yake huwezi kulipa wewe wala mimi.

Moses alikuwa ameanza kuteleza. Alikuwa na tabia ya kutishia kujiuzulu kila akibishiwa, na mwaka wa 1962 gavana Nelson Rockefeller akakubali barua yake. Alibaki na Triborough. Machi 1968 Rockefeller akaimeza Triborough ndani ya shirika jipya la usafiri, MTA, na hela za madaraja zikaanza kusaidia treni na mabasi, vitu ambavyo Moses hakuvipa nafasi miaka yote hiyo. Kitabu cha Caro kikatoka 1974, zaidi ya kurasa 1,200, na kumbukumbu ya vidimbwi ikafunikwa na kumbukumbu ya tingatinga. Mzee aliandika majibu marefu ya hasira. Alifariki akiwa na miaka 92, akazikwa makaburi ya Woodlawn, Bronx.

Akiwa bado hai alishuhudia kitu cha ajabu. Desemba 1973, lori lililobeba lami ya kukarabati barabara ya juu ya West Side, Manhattan, lilitumbukia ndani ya barabara hiyohiyo. Haikuwa kazi yake yote, ilianza kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeiendeleza kaskazini mwaka wa 1937. Ikafungwa. Wengi walitarajia jiji likwame. Halikukwama, sehemu kubwa ya magari hayo haikuonekana tena kwingine, kwa sababu watu walibadilisha safari zao au wakaziacha. Huku juu kwenye lami iliyofungwa, watu walikimbia mazoezi na kuendesha baiskeli. Ikabomolewa kidogokidogo hadi 1989, na sasa kuna barabara ya kawaida yenye taa na bustani ndefu kando ya mto Hudson. Portland ilikuwa imeng'oa yake 1974. San Francisco ikafuata 1991 baada ya tetemeko, na Seoul kuanzia 2003 ikabomoa barabara ya juu ikafufua mto uliokuwa chini yake.

Zamu ya barabara za Moses mwenyewe ikafika. Kule Niagara Falls kulikuwa na Robert Moses Parkway iliyotenganisha mji na bonde la mto wake. Jina lake liliondolewa 2016, na kipande cha kama kilomita tatu kikang'olewa kufikia 2020. Bronx nako, barabara ya Sheridan iliyofunguliwa 1962 ilikuwa imewafungia watu mto Bronx. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya mtaa, vijana wengi ndani yake, vilisumbua serikali ya jimbo kwa zaidi ya miaka 20. Walifanya mikutano, wakachora ramani zao, wakarudi tena waliporushwa. Mwishoni mwa 2019 Sheridan ikageuzwa kuwa barabara ya mtaa, yenye taa na mahali pa kuvukia. Sasa mtoto anavuka na mpira wake kwenda bustani ya Starlight.

Cross Bronx bado ipo. Malori yanapita usiku na mchana katikati ya madirisha, na pumu kwa watoto wa eneo hilo iko juu. Jiji na jimbo zimekuwa zikichunguza kama sehemu za barabara hiyo zinaweza kufunikwa juu ziwe bustani, na wakazi wanaendelea kwenda mikutanoni.