Nahodha Owen: Mwanamaji aliyeiweka Mombasa chini ya Uingereza bila kutumwa

ABIRIA anayetoka Tononoka kuelekea Port Reitz hutamka, pengine pasipo kujua, jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachiwa Mombasa mwaka 1824. Aliyemwachia ni Nahodha William Fitzwilliam Owen.

Owen alizaliwa Manchester mwaka 1774, akaingia jeshini angali mvulana. Wafaransa walimteka mwaka 1808, wakamzuilia Mauritius hadi 1810. Kuanzia 1821 alipewa kazi ya kupima pwani za Afrika na kuchora ramani zake, kazi iliyowamaliza mabaharia wake wengi kwa homa.

Februari 1824, merikebu yake Leven ilipotia nanga Mombasa, aliikuta bendera ya Uingereza iliyoshonwa na wenyeji ikipepea ngomeni. Wamazrui, ambao Pemba ilikuwa imeshawatoka, waliihofia Maskati na kuomba ulinzi. Owen, aliyeuchukia mno utumwa, akaridhia: Wamazrui wabaki na utawala na kurejeshewa milki zao, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikome. London haikuwa imemtuma kufunga mkataba wowote.

Kisha akang'oa nanga, akimwacha Luteni Reitz na watu wachache mno. Maafisa waliofunzwa tanga na mizinga sasa walitakiwa kusimamia forodha, kuzuia watumwa na kusikizana na wazee wa mji. Reitz alifariki kwa homa Mei mwaka huohuo, akiwa safarini kwenda Pangani. Luteni James Emery alishika mahali pake Agosti, hadi 1826. Wamazrui walinung'unikia nusu ya ushuru iliyowaponyoka, na Pemba hawakuiona.

Serikali ya Uingereza, iliyomhesabu Seyyid Said wa Maskati kuwa rafiki, iliukataa mkataba huo. Julai 1826 maafisa wake wakaondoka. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na wakuu wa Kimazrui wakasafirishwa wakiwa wafungwa. Chuki ya Owen dhidi ya utumwa ilikuwa ya kweli, lakini haimwondolei lawama hii: aliweka rehani neno lisilokuwa lake, na waliolilipia ni wengine.

Mwenyewe hakunyimwa madaraka. Mwaka 1827 alipelekwa kusimamia kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko nchini Guinea ya Ikweta, akakaa huko hadi 1829. Baadaye alihamia Campobello, kisiwa cha ukoo wake nchini Kanada, na akafariki mwaka 1857.