Vincenz Priessnitz: Kijana Aliyetumia Maji Baridi

Leo ningependa kuwasimulia maisha ya mtu aliyekuwa na umri kama wetu alipoambiwa ati hatapona, na akipona atabaki kilema. Huyo si mwingine bali ni Vincenz Priessnitz.

Priessnitz alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1799 katika kijiji cha Gräfenberg, huko milimani Ulaya. Wakati huo sehemu hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Austria, lakini leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi babake alipofuka. Baada ya miaka michache kaka yake mkubwa naye akafariki. Basi kazi zote za shamba zikamwangukia Vincenz, na masomo hakuyapata ya kutosha.

Mnamo mwaka wa 1816 gari la farasi lililojaa nafaka lilimkanyaga. Mbavu kadhaa zilivunjika. Daktari alikata tamaa juu yake. Kijana huyu naye hakukubali kulala akingoja kifo. Alijifunga kifuani vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji baridi, vikipata joto anavibadilisha. Husimuliwa kwamba utotoni alikuwa amemwona paa aliyejeruhiwa mguu akija kila siku kuutia majini. Baada ya mwaka mmoja hivi Vincenz alirudi kazini.

Habari zilienea na majirani wakaanza kumiminika kwake. Mwaka wa 1822 aliijenga upya nyumba ya babake ili apate mahali pa kuwatibu. Na matibabu yenyewe hayakuwa mchezo! Mgonjwa alifungwa mablanketi mpaka atoke jasho, kisha anatumbukizwa kwenye maji baridi. Wengine walisimama chini ya maji ya mlimani yaliyowaangukia mwilini kwa nguvu. Baada ya hapo hakuna kulala. Ilikuwa lazima watembee milimani, wapasue kuni na wale chakula cha kawaida cha wakulima. Hata matajiri walioletwa na magari yao walipasua kuni vilevile!

Lakini mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Madaktari wa huko walimshtaki mara kadhaa wakidai kwamba ni laghai. Wengine walidhani sponji aliyowaoshea wagonjwa ina uchawi, kumbe ni sponji tu na maji. Kila mara aliachiliwa, na mwaka wa 1838 serikali ikampa ruhusa kamili. Mwaka uliofuata, 1839, wagonjwa wapatao 1,500 walifika Gräfenberg, wakiwemo wana wa wafalme. Madaktari pia walikuja kujifunza kwa huyu mkulima. Alifariki tarehe 28 Novemba 1851, akiwa na umri wa miaka 52.

Je, baridi ndiyo iliyomponya? Mimi naona tuseme ukweli. Mfupa wa ubavu haushikanishwi na maji. Mara nyingi hujiunga wenyewe mtu akipewa muda. Baridi huifanya mishipa ya damu ijibane na hupunguza uchungu, basi mgonjwa anaweza kuvuta pumzi na kujisogeza. Priessnitz alikosea alipodhani maji yanaweza kutibu karibu kila ugonjwa. Hata barafu ina mipaka yake. Mnamo 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliwafundisha wanamichezo wapumzike na kuweka barafu wanapoumia. Mwaka wa 2014 yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu ikizidi huenda ikachelewesha kupona.

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaopenda michezo. Mwenzetu akiteguka kifundo cha mguu uwanjani, wengi wetu hukimbilia kumchua kwa nguvu papo hapo. Jamani, tumwache kwanza! Afadhali kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwa kitambaa isiguse ngozi, kwa dakika kumi au kumi na tano hivi. Asipoweza kuukanyagia mguu, apelekwe hospitali. Uchungu ukipungua, aanze kuutumia mguu polepole.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Priessnitz alipowashinda wengi wa wakati wake. Maji yalituliza maumivu, lakini hakumruhusu mgonjwa akae tu akitazama maji. Alimtaka ainuke, atembee na kufanya kazi ya kupona yeye mwenyewe. Aliyeambiwa amekuwa kilema asikate tamaa kabla ya kujaribu hatua moja leo na mbili kesho. Bandu bandu huisha gogo.